Akuvaaye kwa Dhiki

Nitasema ukweli mapema nisije nikajifanya mwema: mwalimu mwenzangu nilimwonea wivu tangu siku aliyofungua mdomo. Alihamishiwa shuleni kwetu Garissa kutoka Lamu, akasimama gwarideni, akasema "Hamjambo wanangu," na hamjambo yake ikawa tamu kuliko kila nilichowahi kufundisha. Mkuu wa idara ya Kiswahili nilikuwa mimi. Lakini mimi mtoto wa wafugaji Wasomali wa Kotile, Kiswahili nilikikuta darasani, kwa fimbo. Yeye alikinyonya na maziwa. Nikisema "pole pole", wanafunzi wa nyuma hunong'onezana "bole bole" na kuziba vicheko. Yeye akikohoa tu, wanaandika!

Kitu kimoja tu sikumwonea wivu, nacho ni maandishi. Kwa miaka mingi nilikuwa naandika maelezo ya methali, kila methali na aya yake, kwenye kompyuta ya chumba cha walimu. Kompyuta hiyo ni ya wote, na nywila yake imebandikwa kwa karatasi hapo hapo juu ya kioo, eti tusisahau. Nilijifariji kwamba ulimi ni wake, kalamu ni yangu.

Basi Jumatatu moja mkuu wa shule akatutangazia, uso umemchangamka, kwamba ofisi ya elimu imekipenda kitabu cha methali cha mwenzetu, na inamtaka awafundishe walimu wa Kiswahili wa kaunti nzima. Barua ya kumruhusu, mkuu angeitia sahihi Ijumaa. Kitabu gani tena? Jioni binti wa dada yangu, anayesoma shule ya mbali kule Diff, akanitumia kwenye simu. "Abti, soma hiki. Huku kila mtu anacho. Huyu mwalimu ni moto!"

Jalada lilikuwa na jina la bwana wa Lamu. Methali ya kwanza, aya ni yangu. Ya pili, yangu. Hata koma zilikuwa zangu. Astaghfirullah, roho iliniuma nikashindwa kula. Na sikuumizwa na wizi peke yake. Niliumizwa zaidi na kwamba maneno yangu, chini ya jina lake, yalisomeka vizuri zaidi.

Nikaendelea kusoma kama mtu anayekagua mbuzi wa jirani, natafuta kilema. Ukurasa wa kumi na tisa nikakipata: "Akuvaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Lo! Nilicheka hadi mke wangu akaja kuangalia kuna nini. Akuvaaye! Mswahili wa Lamu hajui kwamba ni akufaaye! Nikalala na furaha yangu.

Asubuhi nikakimbilia faili langu nilinganishe. Na langu lilisema akuvaaye.

Sisi Wasomali v hutuponyoka ikawa f. Shule ya msingi nilichapwa kwa kusema "fyombo", nikachapwa kwa kusema "fita", mpaka nikaanza kuishuku kila f niliyokutana nayo na kuigeuza v kabla fimbo haijashuka. Methali hiyo niliisikia kwa sikio tu, nikaiandika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha. Baadaye nilijifunza iliyo sahihi, lakini faili sikurudi kulirekebisha. Na si neno tu. Nililitungia na maelezo: dhiki ikikuchana ukawa kama nguo kuukuu, rafiki wa kweli ni yule atakayekuvaa mbele za watu bila kuona haya.

Adhuhuri ya siku hiyo, mwenzangu alipokwenda kuswali, nilifanya jambo la aibu. Nilifungua laptopu yake. Faili lilikuwemo, na chini kabisa, mahali aliposahau kufuta, palikuwa na jina langu. Nikaifunga kabla hajarudi.

Jioni nikaenda mtaa wa Galbet kwa wakili mmoja niliyemfundisha zamani. "Mwalimu," akaniambia, "sheria ya hakimiliki hailindi methali. Methali ni mali ya umma. Inalinda maelezo uliyoyatunga wewe, hata kama hukuyasajili popote, mradi uthibitishe ni yako. Faili la kwenye kompyuta ya wote halitoshi, atasema wewe ndiye uliyenakili kwake. Na laptopu yake usiiguse! Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa la jinai, utatangulia kufungwa wewe."

Ya adhuhuri nikayaficha, nikauliza ushahidi mwingine utatoka wapi.

"Hakuna humo kitu ambacho ni wewe tu ungeweza kukiandika?" akauliza.

Kilikuwepo. Usiku kucha nilikiwazia kitu hicho. Nikisema ni changu, mkuu wa idara ya Kiswahili ndiye asiyejua methali ya watoto wa darasa la nne. Nikinyamaza, yeye anakwenda kuwafundisha walimu kwa maneno yangu.

Nikapeleka malalamiko, na Ijumaa tukaketi watatu ofisini kwa mkuu wa shule. Barua ilikuwa mezani, na kando yake laptopu ya mwenzangu, kitabu kimefunguliwa.

"Mwalimu analalamika," mkuu akamwambia mwenzangu. "Kazi hii ni yako?"

"Yangu, mkuu. Herufi kwa herufi."

"Basi tusomee ukurasa wa kumi na tisa," nikasema. Hesabu yangu ilikuwa hii: ataliona kosa, ataona haya, atalikana, na akilikana amekikana kitabu. Mimi nisingelazimika kusema neno.

Akasoma kwa sauti yake ile ya asali. Kwenye "akuvaaye" akasita. Kisha akatabasamu. "Ah! Hapa nilikosea, mkuu. Kosa langu."

Kosa lake! Nikaruka kitini.

"Kosa lako umelitoa wapi wewe? Kwenu Lamu kuna nani aiogopaye f? Hilo kosa ni langu! Nimelichapiwa mimi! Umeichukua kazi, umeichukua semina, sasa unataka na kosa langu? Ebo!"

Mkuu akaivuta laptopu, akaisoma ile aya ya nguo kuukuu polepole, mara mbili. "Mtu anaweza kukosea herufi," akamwambia mwenzangu. "Na aya nzima hii je?"

Mwenzangu akainamisha kichwa. "Nilikikuta kwenye kompyuta ya wote," akasema. "Nikakifanya cha wote." Ningemkumbusha lile jina lililo chini ya faili lake, lakini ningeulizwa nimelionea wapi.

Mkuu akaichana barua. Akamwamuru afute jina lake pale pale na aandike langu. Alichapa kwa vidole vyote kumi, haraka, bila kutazama, na wallahi hata hilo nililionea wivu. Kisha akashuka hadi ukurasa wa kumi na tisa, akauweka mshale juu ya ile v.

"Nikurekebishie, mwalimu? Usije ukachekwa."

"Ya wahenga iandike juu," nikamwambia. "Hiyo yenye v ibaki chini yake, ni yangu. Ukiigusa, nakushtaki."