Maswali ya Dada Naelijwa

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kana kwamba upepo wake ungali unasukuma mlango wangu. Ilikuwa siku ya soko hapa Same, vumbi limeingia hadi kwenye kikombe cha chai, na dada yangu Naelijwa, bibi yako mzaa mama, alikuwa ameshuka kutoka Myamba na lori la tangawizi. Nimeikumbuka tena juzi uliponipigia simu ukasema mtihani wa kuingia shule ya sheria umekaribia, na hamu ya kusoma imekuishia. Unafungua kitabu, unakitazama, unakifunga. Sikukujibu jambo la maana siku ile. Kwa haki wewe ni mjukuu wangu, lakini nimezoea kukuita mwanangu, basi nivumilie nikujibu leo.

Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, kijana wa miaka ishirini na sita. Kazi yangu ilikuwa kuandika hati za wito na kupanga majalada, na kila nilipomsikia hakimu akisoma hukumu, moyo uliniambia na mimi naweza. Ulikuwapo mtihani maalumu wa watu walioko kazini waliotaka kwenda chuo kikuu kusomea sheria. Nikaufanya, nikaanguka.

Nilimwambia dada peke yake. Alikuwa amenizidi miaka minne. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyeishia darasa la saba akashika jembe ili mimi niende sekondari. Hakunilaumu. Alisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nijaribu tena mwaka unaofuata, nami nikamwahidi. Hakimu akaniazima kitabu kinene cha sheria ya mikataba. Nikakiweka juu ya meza chumbani kwangu, na hapo ndipo kilipokaa. Kila nikitoka kazini nilikwenda kucheza bao na madereva wa malori, na kila dada aliposhuka sokoni nilimwambia nasoma sana.

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Siku hiyo alipita kuniletea makande, kama ilivyokuwa desturi yake, na wakati napakua akakichukua kile kitabu. Miezi miwili kabla ya hapo, yeye mwenyewe alikuwa amechomoa uzi kwenye pindo la kanga yake na kuuweka ndani uwe alama. Akakifungua.

"Uzi uko ukurasa wa kumi na moja," alisema. "Niliuacha ukurasa wa kumi na moja."

Sikuwa na pa kujificha. Nikamweleza kwamba tangu nianguke hamu imenitoka, na kwamba naingoja irudi ndipo nianze.

"Mdogo wangu, unadhani mimi naamka na hamu ya kupalilia tangawizi?"

Hakungoja jibu. Akakifunga kitabu ndani ya kanga, akasema anaondoka nacho. Nikamwambia ni cha hakimu, tena kimeandikwa kwa Kiingereza, hatakielewa.

"Basi mimi na wewe tuko sawa," alisema, akaenda zake kuwahi lori.

Siku ya soko iliyofuata alikirudisha. Lakini alikuja pia na daftari. Mchana, alipokuwa akipumzika shambani kwenye migomba, alikuwa amenakili kurasa kadhaa kwa mwandiko wake wa darasa la saba, na kila neno asilolijua amelipigia mstari. Chini kabisa aliandika swali kwa Kiswahili: mtu akitoa ahadi kwa mdomo tu, bila karatasi, sheria inamfunga au haimfungi? Mimi, karani wa mahakama, sikujua. Aibu iliyonipata siku ile siwezi kukueleza. Nikamwomba anipe hadi siku ya soko ijayo.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Kila aliposhuka alikuja na maswali, akaondoka na majibu na kurasa nyingine alizonakili palepale mezani kwangu. Usidhani hamu ilirudi. Siku nyingi haikuwapo kabisa. Nilisoma kwa sababu lori la tangawizi lingefika na dada angeshuka. Nilisoma ukurasa mmoja nikisubiri wadaawa wafike, mmoja nikisubiri ugali uive. Na maswali yake yalizidi kuwa magumu. Akisha kusikia jibu langu, aliuliza, "Na kama aliyeahidi amekufa? Na kama mwenye kuahidiwa ni mjane asiyejua kusoma?" Nilipoingia chumba cha mtihani mara ya pili sikuogopa, maana hakuna aliyewahi kuniuliza kama Naelijwa.

Nikafaulu. Nikapanda Myamba na barua. Nilimkuta shambani, akajipangusa udongo mikononi, akaisoma mwenyewe mpaka mwisho, akairudia. Alifurahi, nilimwona. Kisha akasema taratibu:

"Sasa mimi maswali yangu nitampelekea nani?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani. Nikamwambia nitakuwa namwandikia, na kweli nikaandika barua mbili tatu, za salamu tu. Kikaja chuo, ikaja kazi, akaja mke, wakaja watoto. Kulikuwa na masomo ya sekondari kwa watu wazima, na mimi nilijua fomu zinapochukuliwa. Ningeweza hata kumjazia. Lakini katika miaka yote hiyo sikumwuliza hata mara moja kama naye alitaka kusoma. Majuto ni mjukuu, mwanangu. Tulimzika mwaka juzi, wewe ulikuwapo. Hata sasa, asubuhi za baridi, nikitazama mawingu yalivyolala juu ya milima upande wa Myamba, najikuta natayarisha jibu.

Basi nisikilize. Usiingoje hamu, soma kurasa zako chache hata siku usiyotaka, na ukianguka usimdanganye anayekupenda. Kidole kimoja hakivunji chawa: tafuta mtu wa kumjibu, hata kama hajui sheria. Kuanzia wiki hii nipigie kila Jumapili, mimi nitauliza. Na yeyote atakayekushika mkono njiani, mama yako au rafiki yako, mwulize yeye anataka nini, umwulize mapema, angali yupo wa kukujibu.

Mungu akupe akili tulivu na macho yasiyochoka. Mikono iliyokubeba isikuone mgeni utakaporudi. Nenda ukasome, mwanangu, na amani ya bibi yako iende nawe.