Mahindi Yaliyopumua

Mama mkwe wangu anaamini mahindi yanapumua. Kwao amekua akiona mahindi yakiwekwa kwenye kihenge, kile kijumba cha fito kilichoinuliwa juu ya mawe, upepo unapita chini na pembeni. Kwake yeye, chakula kikikosa hewa kinakufa.

Mimi nilisoma ukubwani, masomo ya jioni, hapa hapa Itiryo. Mwalimu alitufundisha mifuko ya kinga njaa. Ndani ya kiroba kuna nailoni mbili, unajaza mahindi makavu, unafunga kila moja kwa kamba, hewa isiingie. Dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, akikosa hewa anakufa, dawa huhitaji. Baada ya mavuno nikafanya hivyo hivyo, nikaweka mkono juu ya mifuko, nikamwomba Mungu atufikishe nayo mpaka mahindi mapya. Akiba nyingine hatukuwa nayo.

Mahindi ya shambani yalikuwa bado yanachanua nilipofungua mfuko wa kwanza. Lilitoka vumbi. Dumuzi walishakula, punje zimebaki maganda. Wa pili hivyo hivyo. Nikakaa chini pale stoo, nikaita Yesu, Yesu.

Mama mkwe akaingia na fimbo yake. "Vipi, mwanangu?"

"Mama, tumeibiwa. Mifuko ni feki. Kesho naenda Tarime, yule muuzaji wa mifuko atanitambua."

"Muuzaji wa watu amekukosea nini? Mlivyoyabana hivi! Bahati yenu mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi, mama?"

"Si ile siku mmeenda ibadani? Nikaingia na sindano ya kushonea magunia. Kila mfuko nikautoboa toboa, pande zote. Nikayaambia, haya, pumueni wanangu." Akacheka mwenyewe. "Nyie watu wa shule mngeyaua yote."

Nilifungua mdomo. Kwetu mke wa mwana hamjibu mama mkwe hovyo, lakini siyo heshima iliyonizuia. Yule mama ukimpa ugali anamega upande, anaufunika na kisahani, anawawekea wajukuu. Sasa nimwambie ni yeye aliyewanyima?

Redioni wanasema dunia inatupa chakula kingi mno, watu wapike kiasi, wasibakize kwenye sahani. Huwa nasikiliza huku nasugua sufuria. Kwangu hakuna sahani iliyowahi kubaki kitu. Chetu kinapotea kabla hakijaona moto, na hata yule aliyekipoteza alikuwa anakilinda.

Nikatoa mifuko yote nje. Yeye akavuta kigoda, akachukua ungo, tukaanza kupepeta. Kuku walikuja kudonoa wale wadudu, wakashiba wao. Punje nzima tulikuwa tunaziweka kwenye beseni, na kila nikilitazama naona lile lile, halijai. Jioni hiyo nilipika uji mwepesi. Tulipofumba macho kuomba, nilishukuru kwa kilichopo, nikatafuta maneno ya kuombea kilichopungua, sikuyapata. Nikasema amina.

Mchana ule, wakati tunapepeta, mama alikuwa ameokota mfuko mmoja, akauinua juani, akachungulia vile vitundu.

"Unaona? Vilikuwa vidogo mno. Hewa haikutosha." Akaukunja vizuri, akaniwekea magotini. "Mwakani tutoboe pamoja, mwanangu. Mapema."

"Sawa, mama," nikasema.