Blanketi la Vinundu

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sikukuzaa, nitakurudisha kwenye siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingi. Ni siku mama mkwe wangu alipochukua kazi yangu ya kroshia, akaipeleka dirishani, akaigeuzageuza kwenye mwanga, kisha akaniuliza, "Hiki unachofuma, unamficha nani?"

Najua hukuja kwangu kusikia habari za mama mkwe. Umekuja kuuliza uzi upi na rangi ipi vinafaa blanketi la mishono iliyoinuka, ile ya vinundu na misuko, kwa sababu unatarajia mtoto na unataka kumfumia kitu kwa mkono wako. Nitakujibu. Lakini majibu yangu niliyapata katika miezi ambayo haikuwa ya raha, kwa hivyo kaa, chai bado ina moto.

Wakati huo mimi na mume wangu Mutua tulikuwa tunapanga nyumba hapa hapa Kileleshwa, nami nilikuwa nafanya kazi mjini katika ofisi ya bima. Mimba mbili zilikuwa zimeniharibikia. Ya pili iliharibika nikiwa nimeshanunua nguo ndogondogo na beseni la kuogea, na niliporudi kutoka hospitali nikavikuta vimepangwa kitandani kama nilivyoviacha. Mutua alivibeba, sijui akavipeleka wapi. Sikuwahi kumwuliza.

Basi iliposhika ya tatu, niliapa moyoni kwamba hakuna kitu cha mtoto kitakachoingia nyumbani kwangu. Wenzangu ofisini wakiniuliza habari za tumbo, nilikuwa naongea habari za mvua. Kila nikienda msalani, kitu cha kwanza nilikuwa natafuta damu. Wewe ni mwanamke, sitakuficha. Nilikuwa nalala nikiwa nimelishika tumbo kana kwamba kuna mtu atakuja kuniibia.

Mikono ndiyo iliyokataa kutulia. Nilikuwa nimefundishwa kroshia na mama yangu nikiwa msichana, nikaona heri nifume kuliko kukaa nikitetemeka. Nikanunua uzi wa kijivu kilichokolea, karibu na nyeusi, nikaanza blanketi la vinundu. Mtu akiniuliza nilikuwa namwambia ni la kufunika kochi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalifumia mtoto, lakini kwa rangi ambayo ningeweza kuikana. Mambo yakiharibika, blanketi lingetandazwa kwenye kochi, na hakuna ambaye angejua.

Mama mkwe alikuja kukaa nasi mimba ilipoanza kuonekana. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Machakos, mtu wa kusema kidogo na kutazama sana. Ndiye aliyeniuliza swali lile pale dirishani.

Nikamjibu, "Simfichi mtu, Mama. Ni la kochi."

"Kochi gani linafumiwa vinundu vidogo hivi?" Akapitisha kidole juu ya mishono. "Kazi ni nzuri. Lakini mpaka mtu aiguse ndipo ajue kuna kazi. Kinundu kinaonekana kwa sababu ya kivuli chake, Wambui. Ukikiweka kwenye uzi mweusi, hicho kivuli kitalala wapi?"

 Naye akakaa kando yangu, akaweka ile kazi mapajani mwake, akaniambia jambo ambalo hata Mutua hakulijua lote.

"Kabla ya Mutua nilizaa msichana. Mimba yake ilinisumbua kama hizi zako, na watu wakaniambia nisiandae chochote, nisije nikajiletea mkosi. Sikuandaa. Aliishi siku chache tu, kisha akaenda. Tulimzika kwa shuka la hospitali kwa sababu hakuwa na kitu chake mwenyewe." Akalainisha mishono kwa kiganja. "Unafikiri nililia kidogo kwa vile sikuwa nimemfumia kofia? Nililia vilevile. Tofauti ni kwamba sikuwa na kitu cha kushika."

 Hakunibembeleza. Alinirudishia kazi yangu, akasema, "Kesho twende mjini."

Tulikwenda, Jumamosi asubuhi, hadi Biashara Street, katika duka lenye nyuzi zilizopangwa mpaka dari. Msichana wa dukani akamkaribisha mama mkwe kama bibi yake, "Karibu, shosho. Mnatafuta za mtoto?"

Mimi nikasema hapana, mama mkwe akasema ndiyo, kwa wakati mmoja. Yule msichana akatutazama, akacheka, akaanza kushusha nyuzi.

Kwanza alileta uzi wenye rangi nyingi zilizochanganyika, waridi likiingia kwenye bluu na bluu kwenye njano. "Hii ndiyo inaenda sana," akasema. Nikaupenda. Mama mkwe akaniambia niutie kwenye sindano ya kroshia hapo hapo, nifume vinundu vichache. Nikafuma. Vikapotea. Jicho lilikuwa linafuata rangi zinavyorukaruka, mishono haikupata nafasi ya kuonekana. Kisha ukaja uzi wa manyoya, laini kama paka. Nao ulivimeza vinundu, na mama mkwe akauvuta vinyweleo vyake akasema, "Hivi mtoto atavila." Uzi wa pamba ulichora mshono vizuri sana, lakini blanketi zima la vinundu kwa pamba lingekuwa zito kama mkeka uliolowa, maana vinundu hula uzi mwingi.

Mwishowe tukabaki na uzi mmoja wa akriliki laini, uliosokotwa vizuri, wa rangi moja, njano hafifu kama siagi. Nilipofuma kinundu cha kwanza kikasimama chenyewe. Nilikitazama. Ilikuwa wazi kabisa kwamba hiki ni kitu cha mtoto. Rangi hii nisingeweza kuikana.

Yule msichana akatuonya, "Chukueni yote mara moja. Rangi hupikwa kwa mafungu, na fungu lingine likija halifanani sawasawa na hili."

Mama mkwe alikuwa amegeuka kutazama vifungo. Nikamnong'oneza msichana anipe nusu tu. Niliogopa, mwanangu. Nilijiona nikirudi nyumbani siku moja bila mtoto, nikikuta mabonge ya njano yamejaa kapu. Nusu ningeweza kuistahimili.

Lile la kijivu nililiacha, nikafuma la njano wiki nyingi, nalo likaanza kuwa na umbo. Kisha siku moja kliniki walipima presha yangu, wakaipima tena, wakaitana. Sikuruhusiwa hata kurudi nyumbani kuchukua nguo. Nililazwa, nikaambiwa nisimame kidogo iwezekanavyo. Mama mkwe akaniletea kapu langu la uzi, nikawa nafuma nikiwa nimelala ubavu, nikisikiliza kama mtoto anacheza. Akitulia, sindano nayo inasimama. Akipiga teke, naendelea.

Uzi ukaisha blanketi likiwa halijafika popote pa kuitwa mwisho. Mutua akakimbia dukani wakati wa chakula cha mchana, akarudi amefurahi, amebeba mabonge. "Rangi ni ileile," akasema.

Haikuwa ileile. Nilifuma mistari michache, na pale uzi wa zamani ulipokutana na mpya ukatokea mpaka ambao mtu angeuona akiwa mlangoni. Upande mmoja siagi, upande mwingine umeiva kama embe. Na mimi, kwa hali niliyokuwa nayo, nikauona mpaka ule kama ishara. Nikajisemea kwamba hapa ndipo mambo yanapokatikia. Nikaanza kulia kwa sauti, nesi akaja mbio akidhani uchungu umeanza.

Jioni mama mkwe alinikuta bado nimevimba macho. Nikamweleza yote, hata ile nusu niliyonunua kwa siri. Nilitegemea anigombeze.

Akalitazama blanketi muda mrefu. "Fumua," akasema.

"Lote?"

"Hapana. Fumua huu mpya, kisha ushuke kwenye ule wa zamani mpaka upate uzi wa kutosha. Halafu panda tena ukibadilisha, mstari wa zamani, mstari wa mpya, mstari wa zamani, mstari wa mpya. Zichanganye polepole. Ukifika juu, mpya ubaki peke yake." Akavuta kiti. "Mimi nitafumua, wewe zungusha bonge."

Tulifanya hivyo. Na niliporudi kufuma, ule mpaka ukayeyuka. Rangi ikawa inakolea taratibu kutoka chini kwenda juu, kama kunavyopambazuka. Nesi mmoja aliuliza kama niliipanga hivyo tangu mwanzo.

Presha haikushuka. Walinipasua mtoto akiwa hajafikisha miezi yake, msichana, mdogo kiasi kwamba niliogopa kumtazama. Alipelekwa kwenye chumba cha watoto njiti, akawekwa ndani ya kisanduku cha joto chenye mirija. Blanketi nililimalizia hapo, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mshono wa tumbo ukiniuma. Sikuruhusiwa kumfunika nalo. Lakini nesi mmoja, baada ya kulipeleka likafuliwe, akalitandaza juu ya kile kisanduku kupunguza mwanga wa taa, nami nikakaa nikilitazama likiwa juu ya mwanangu. Nilijua bado anaweza kuondoka. Nilijua pia kwamba akiondoka, ataondoka na kitu chake. Kwa mara ya kwanza tangu mimba ile ishike, mikono yangu ilitulia.

Hakuondoka. Tulimwita Mwende, jina la bibi yake, huyo mama mkwe wangu, na sasa yuko sekondari na ananizidi urefu.

Basi sikia, mwanangu. Chukua uzi wa rangi moja, uliosokotwa vizuri, usio na manyoya, unaovumilia kufuliwa kila siku. Chagua rangi nyepesi ili vinundu vipate kivuli chao. Fuma kipande cha kujaribu, kifue, ukisugue shavuni kwako. Nunua uzi wote kwa siku moja, na uongeze bonge, maana vinundu vina njaa. Uzi ukikuishia njiani, changanya mistari wala usitupe kazi. Na kubwa kuliko yote, usimfumie mtoto kwa rangi ya woga. Woga haukupunguzii maumivu ya kesho hata kidogo. Unakunyima tu raha ya leo. Kama unampenda, mpende waziwazi, akiwa bado tumboni, hata kama hujui utampata au la.

Mungu aishike mimba yako. Akupe vidole visivyochoka na usingizi mtulivu. Na huyo unayemfumia aje alikojolee hilo blanketi, aliburute sakafuni, alitafune pembe, akatae kulala bila hilo, mpaka lichakae na uwe huna budi kumfumia lingine.