Mkwe, Mama na Muwa

Leo mume wangu amemtembeza mama yangu bila kumgusa.

Tangu mama anusurike maambukizi yaliyosambaa kupitia damu, miguu yake haina nguvu. Daktari alisisitiza atembee kila siku.

Nami nikimwinua, hunijibu, "Niache, mwanangu, nimechoka."

Kwa mila zetu Wagusii, mkwe hamshiki mama mkwe. Basi nilipokuwa nikichuma chai, mume wangu alikata muwa, akamnyooshea mama ncha moja.

Mama angembishiaje mkwe?

Nimewakuta langoni, kila mmoja ameshika ncha yake, wametazama kando.

Labda heshima nayo ni dawa. Sina hakika.

Baadaye mama akaninong'onezea, "Mwambie arudi kesho. Wewe unanihurumia mno."

Wenzangu mnaouguza wazazi, je, nina haki ya kuona wivu?