Firigisi ya Baba

Baba alipopata kazi kwenye stoo ya mahindi Bungoma, alituachia vifaranga ndani ya katoni iliyotobolewa matundu. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kitale, karibu na msikiti: mama, mimi na paka dume wa kijivu. Baba aliniita "mama" kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Mama," akaniambia, "chunga hawa vizuri. Majogoo wakianza kuwika nitakuja tuchinje."

Basi kwangu hawakuwa kuku. Walikuwa njia ya kumrudisha baba nyumbani.

Shida ilikuwa paka. Alikaa kando ya katoni akiyakodolea macho yale matundu, mkia ukicheza. Mama alitaka kumtia guniani akamtupe mbali, nikalia hadi nikashikwa na kwikwi. Sikuwa na ndugu, na mama alishinda sokoni akiuza mboga. Nikitoka shule sikuwa na mwingine wa kuzungumza naye ila yule paka. Jirani yetu, mama mmoja Mwislamu aliyefuga kuku, ndiye aliyemwokoa.

"Ati umtupe? Si umlete hapa afunzwe adabu," akamwambia mama.

Tukamshika paka miguu tukamsogeza hadi kwa kuku wake aliyekuwa na watoto. Kuku akamdonoa pua hadi ikatoka damu. Kwetu paka hufunzwa hivyo. Akishadonolewa na kuku mwenye vifaranga, hagusi kifaranga tena. Wetu alihitimu siku hiyo hiyo. Vifaranga wakitolewa kwenye katoni, yeye alikuwa tayari juu ya dirisha. Lakini wao hawakuwa na mama wa kuwafunika, na baridi ya Kitale haina huruma, wakaanza kumfuata. Siku moja ya mvua nilirudi nikawakuta wamejisukuma chini ya tumbo lake, naye ametulia na uso wa mtu aliyeonewa. Nikacheka sana. Kisha nikanuna, maana hapakuwa na wa kumwonyesha.

Wengine walikufa kwa baridi, wengine wakachukuliwa na mwewe. Majogoo wachache waliobaki walipoanza kuwika, nilikimbia kwa jirani, mwenye simu, tukampigia baba.

"Wanawika!" nikapiga kelele.

"Sawa, mama. Nitakuja Jumapili."

Jumapili mume wa jirani akatuchinjia mmoja. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamke haigusi, mtoto haiombi. Mama akaiweka kwenye kisahani peke yake, akaifunika na bakuli. Tulingoja hadi mchuzi ukapoa, ndipo tukala. Kisahani kilikaa mezani hadi Jumatatu.

Baba alisema kazi imekuwa nyingi. Tukachinja tena, tukafunika tena. Jirani alishindwa kuvumilia. "Bungoma si Ulaya, bana!" akasema. Mama akaendelea kuchambua mboga. Nilimkasirikia jirani wiki nzima kwa kusema nililokuwa naliogopa.

Jogoo wa mwisho tulimchinja bila kupiga simu. Nilimwuliza mama kama tumwambie baba.

"Leta sahani," akasema.

Aliitoa firigisi kwenye sufuria kama kawaida, lakini bakuli hakulichukua. Akainama, akaweka kisahani sakafuni, akamwita paka.

"Kula, mwenye nyumba."

Nikataka kucheka, nikaona macho yake. Paka alinusa, akarudi nyuma, akapanda dirishani. Sijui ni joto la mchuzi au aliikumbuka pua yake.

Mama alikiangalia kisahani kwa muda. Kisha akakiokota, akachukua kisu, akaikata firigisi vipande viwili. Kimoja akanitilia juu ya ugali wangu, kingine akakiweka mdomoni mwake.

"Tafuna," akaniambia.

Ilikuwa ngumu, na tamu kuliko nyama yote ya kuku niliyowahi kula. Nikatafuna nikilia, kwa sababu sasa nilijua baba haji.