Mazishi ya Kipande cha Asumini

Tarehe 22 Mei 2021, siku ya Jumamosi, mlima Nyiragongo ulipasuka, na lava yake ikakoma kwenye kingo za kaskazini za mji wa Goma. Asumini, muuza vitenge wa mtaa wa Birere mwenye miaka hamsini na miwili, alikuwa na safari Jumatatu. Mlima haukumuuliza.

Wiki hiyo daktari alikuwa amemkata kipande kisichozidi punje ya harage kutoka katika uvimbe wa titi la kushoto. Hospitali haikuwa na mtu wa kukisoma, hivyo ilimkabidhi Asumini mwenyewe, ndani ya kichupa cha dawa ya kuhifadhi, akipeleke Jumatatu maabara ng'ambo ya mpaka. Huduma bora iliyoje: mgonjwa kufanywa tarishi wa nyama yake! Swali lilikuwa moja tu: ni kansa au siyo? Muuguzi Élodie alikuwa amemweleza kwamba ikijulikana mapema hukatwa na kutibiwa. Ikicheleweshwa, huhamia mapafuni au mifupani, na yenyewe haihitaji laissez-passer ya kuvukia mpaka.

Alhamisi, safari ikiwa bado imeahirishwa kwa mitetemeko ya ardhi, ikatoka amri ya kuhama mji. Watu wa Goma, waliofundishwa na lava ya 2002, huweka mfuko tayari karibu na mlango: vyeti, hati ya kiwanja, picha ya harusi. Asumini akatia kichupa humo. Kaka yake Abdoul, dereva, akampakia yeye na shangazi yao Alima hadi kwa jamaa zao huko Sake.

Siku ya tatu Asumini alikwenda kuteka maji, na foleni ikamla asubuhi nzima. Aliporudi alikuta ua umefagiwa, watu wameketi mikekani kwa nyuso za heshima, chai inamiminwa.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa," Alima akajibu. "Kaa, mama. Tumemaliza kuzika."

"Mumezika nani sasa?"

"Wewe. Kipande tu."

Katika ukoo huo wenye asili ya Kasongo, Maniema, kinachokatwa kwa binadamu huzikwa. Alima, akitafuta sabuni katika ule mfuko wa vyeti, alikuta kichupa akamuuliza Abdoul, mtu ambaye hajawahi kutunza siri hata mbele ya kizuizi cha polisi. Basi bibi huyo akamwaga dawa kwa sababu ya harufu, akaosha kipande, akakivika kitambaa cheupe na kukizika migombani. Kazi safi kabisa.

"Shangazi, docta alikuwa anangoja wasome ile nyama!"

"Wasome? Nyama ni kitabu?"

Abdoul alikuwa anakagua matairi yasiyo na kasoro. "Mimi nilisema mungoje."

"Ulisema lini?"

"Moyoni."

Élodie, kwa simu, alisema kipande kilichooshwa na kulala udongoni hakisomeki tena. Wakarudi Goma. Kwa msongamano wa wagonjwa, Asumini alikatwa tena tarehe 12 Agosti, na Septemba jibu likaja: kansa, ya aina inayolishwa na homoni. Oktoba titi liliondolewa. Alima alifika hospitalini mapema kuliko daktari, sanda mkononi.

"Kwanza wasome," Asumini akamwambia kutoka kitandani. "Kisha mutazika hata na kitanda."

Zikafuata sindano za kansa, kisha kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano. Januari 2025 waasi walipouteka mji, alikimbilia chini ya kitanda na vidonge vyake kifuani. Vitenge aliviacha vijitetee. Redio ilipoeleza tiba mpya zinazoamsha askari wa mwili wenyewe ili wamtambue adui, alicheka hadi akashika kovu. "Askari wanaotambua adui? Hao waanzie hapa Goma."

Wasichana wanaonunua kitenge kwake hupewa somo bila kuliomba: jipapase matiti, ukikuta uvimbe nenda hospitali, na kichupa usimwachie shangazi.

Kipande cha kwanza hakikusomwa na mtu yeyote. Kwa hiyo haijulikani uvimbe ulikuwa umefikia wapi mwezi Mei, wala wiki zipatazo kumi na moja, kati ya mazishi na kukatwa mara ya pili, zilimpunguzia Asumini nini.