Mursik Ni Somo Gani?

Ningekuwa peke yangu siku ile, ningeharibu kila kitu kwa mdomo. Kamati ya uzamifu ya chuo chetu hapa Eldoret ilikuwa imekataa makala yangu kuhusu mursik, maziwa ya kuchachushwa kibuyuni niliyokua nikiyanywa kwetu Kiplombe. Sheria yao ni kwamba huwezi kuhitimu bila kuchapisha makala katika fani yako, na yangu ni sayansi ya chakula. Mmoja wao alifungua hifadhidata moja ya majarida mtandaoni, akaona jarida lililochapisha makala yangu limewekwa chini ya "Utamaduni," basi. Nisubiri mwaka mwingine. Ala! Muda wote huo nikipima bakteria, kumbe nilikuwa nacheza ngoma?

Nilishuka maktaba nikiwaka. Msimamizi wa maktaba, mama mmoja aliyetoka upande wa Kisumu, alinisikiliza mpaka nikaishiwa matusi.

"Hasira hasara," akasema. "Keti tuangalie."

Akafungua hifadhidata mbili, moja kando ya nyingine. Ya kwanza hulipatia jarida zima somo moja, na kila makala iliyomo hubeba somo hilo, upende usipende. Ya pili huangalia makala yenyewe: imenukuu nani, na nani ameinukuu. Humo mursik yangu ilikaa pamoja na mtindi na jibini.

"Umeona? Yule alisoma bango la duka, hakuingia ndani."

Angeweza kuniacha hapo. Haki, wengi wangeniacha. Yeye alichapisha kurasa zote mbili, akapanda ngazi nami hadi kwa kamati, akiniambia njiani, "Wewe nyamaza. Nitaongea mimi." Nikauma midomo.

Mwenyekiti alizitazama zile kurasa. "Sasa Mama, tuamini ipi?"

"Zote mbili, Daktari. Hii inasema jarida ni la nini. Hii inasema msichana huyu amefanya nini. Nyinyi digrii mnampa yeye, ama mnalipatia jarida?"

Wakacheka. Mwenyekiti akasema jina langu lirudishwe kati ya wanaohitimu.

Tulipotoka nilitaka kumshukuru, maneno yakakataa. Mimi, na mdomo huu wote! Nikamfuata hadi maktaba, nikaangua kilio mbele ya wanafunzi. Akanishika mkono.

"Lia tu, binti yangu," akaninong'oneza. "Lakini polepole, watu wanasoma."